Mwenye Herufi Hakalishwi Kivulini

Wiki iliyopita alikuja kwangu Moshono kijana anayeitwa Baraka, afisa michezo mpya wa chuo nilichostaafia. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyetumwa kuposa, akatoa kwenye mkoba rasimu yenye jalada la plastiki, kurasa kumi na nne.

"Shikamoo Madam. Ni sera ya usawa na ujumuishi katika michezo na burudani. Naomba uipitie, halafu unipe maoni."

Nikamwambia aiache mezani, maana nilikuwa na makande jikoni na miwani sikujua nimeiweka wapi.

Nimeipitia. Nimeipitia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Ujumuishi umo katika kila aya. Wadau wamo. Makundi maalumu yamo mpaka yanachosha. Neno "mpira" halimo. Baraka mwanangu, umeandika kurasa kumi na nne za michezo bila mpira hata mmoja?

Basi nimeamua kuandika, na siandiki kwa Baraka peke yake. Nawaandikia nyinyi nyote mnaoajiriwa siku hizi kusimamia michezo vyuoni, mnaokaa Njiro na kuja kazini na gari, mnaojua kutengeneza fomu kwenye simu lakini hamjui stoo ya mipira iko upande gani. Nimekasirika, mtanisamehe. Nusu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe kwangu mwenyewe, na mkifika mbele mtaona sababu.

Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Wanafunzi waliniita Madam Kipenga, kwa sababu kipenga hakikunitoka shingoni, hata kanisani niliwahi kukivaa kwa kusahau. Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Massawe, mzee mkali aliyekuwa mratibu kabla yangu. Siku ya kwanza nilijaza upepo mipira yote mpaka ikalia kama ngoma. Nikampelekea nikisubiri sifa. Akaubonyeza mmoja kwa kidole gumba, akaurudisha.

"Umewajazia mabingwa," akasema. "Mpira mgumu unachagua watu. Baridi ya hapa mlimani asubuhi, mtoto ambaye hajawahi kucheza akiudaka huu mara moja, vidole vinauma, kesho humwoni. Punguza upepo, kidole kizame kidogo."

Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba hiyo ilikuwa sera nzima ya ujumuishi, na aliisema amesimama. Wakijifunza, mpira uwe laini kidogo. Wakishaupenda, jaza. Mambo ya namna hiyo ndiyo ninayoyatafuta kwenye rasimu ya Baraka na siyaoni. Wala ya kugawa timu siyaoni. Makapteni wawili wasiachiwe hata siku moja kuchagua mmojammoja, kwa sababu kuna mtu atabaki wa mwisho amesimama peke yake katikati ya uwanja, na mtu huyo hatarudi. Wapange mstari, wahesabu moja, mbili, moja, mbili. Basi. Hakuna haja ya semina.

Kuna jambo la siku. Mnapenda kuandika "programu zizingatie imani zote", kisha mnakwenda kunywa chai. Haya, mimi nilizingatia. Bonanza letu lilikuwa Jumamosi tangu enzi za Mwalimu Massawe, na kila mwaka nilinung'unika kwamba Wasabato wavivu, hawaji. Mpaka msichana mmoja akaniambia taratibu kwamba Jumamosi kwao ni ibada, na kwamba amekuwa akiniambia hivyo kwa miaka miwili. Nikahamishia Jumapili. Nikawapoteza Walutheri, na huku kwetu Walutheri wakiondoka uwanja unabaki na waamuzi. Ibada ikiisha kuna mnada wa ndizi na kuku, ukiisha mnada kuna kwaya. Nikajaribu Ijumaa, Waislamu wakaniuliza kama nimewasahau au nimewakusudia. Nikaenda kwa mkuu wa chuo kuomba Jumatano alasiri, alasiri pekee isiyo na vipindi, akasema Jumatano alasiri kuna kikao cha wafanyakazi.

"Mkuu," nikamwambia, "siku nyingine zote zimezuiwa na Mungu. Hii umeizuia wewe."

Kikao kikahamishwa. Ilinichukua mwaka mzima kuhamisha kikao kimoja, na hakuna picha hata moja ya kazi hiyo kwenye ripoti.

Na sketi je? Miaka mitatu nilishikilia kwamba wasichana wa Kiislamu hawapendi netiboli. Nililisema kwenye vikao kwa sauti ya mtaalamu. Halafu alasiri moja napita nyuma ya bweni lao kutafuta mpira uliopotea, nakuta wanacheza netiboli, wamejifunga khanga, wanarushiana kwa kasi ambayo timu yangu haikuwa nayo. Mpira wenyewe ndio ule uliopotea. Nilisimama pale kama mwizi. Kumbe hawakukataa mchezo, walikataa sketi fupi ya timu niliyowapangia. Fundi cherehani wa sokoni alishona suruali ndefu za kuvaa chini ya sketi, jambo likaisha kwa kitambaa. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja.

Lakini hayo yote ni makosa ya kuchekesha. Lipo moja ambalo sichekeshwi nalo.

Kuna kipindi chuo kilianza kupokea walimu wa shule za msingi waliokuja kujiendeleza, watu wazima wenye watoto nyumbani. Mmoja alikuwa Mama Eli, Mmeru wa huko juu mlimani, miaka arobaini na sita, aliyefundisha darasa la kwanza miaka kumi na tisa. Wiki ya kwanza alikuja ofisini kwangu na raba zimefungwa kwenye gazeti.

"Madam, mimi ni mfungaji," akasema.

Siku hiyohiyo jioni nikampa herufi. Kwa asiyejua netiboli, kila mchezaji huvaa kifuani kitambaa chenye herufi za nafasi yake. GS ni mfungaji, GK ndiye anayemkaba. Mama Eli akavaa GS. Alirusha mara kumi, sikumbuki kama alikosa. Mkono ulikuwa mwepesi, mpira unapanda juu halafu unashuka kwenye pete kama umeitwa. Nikafurahi. Vyuo vilikuwa na mashindano yao mwaka uliofuata, ambao ungekuwa wake wa mwisho chuoni, na mimi sikuwa na mfungaji.

Shida ilionekana wiki iliyofuata. Kapteni wangu alikuwa Jeska, binti wa Kiarusha kutoka Kisongo, mrefu, mwenye mikono inayofika kila mahali. Yeye ndiye GK. Mfungaji yeyote alimwogopa. Lakini Mama Eli akishika mpira, Jeska anarudi nyuma hatua mbili na kutazama miguu yake mwenyewe. Mama Eli anafunga. Jeska anapiga makofi.

Nikamwita pembeni. "Mbona humkabi?"

"Madam, asubuhi nimempa shikamoo mama wa watu, jioni nimwinulie mikono usoni? Nyumbani wakisikia?"

Wenzake walikuwa hivyohivyo. Hawakumpora mpira, hawakumbana, wakimgusa bega walikuwa wanaomba samahani mpaka mchezo unasimama. Kwenye daftari langu niliandika: "Anafunga, hajajaribiwa." Na mtu ambaye hajajaribiwa sikuweza kumpeleka mashindanoni, kwa sababu wasichana wa vyuo vingine hawakuwa wamemwamkia.

Yeye alijua. Alikuja siku moja baada ya mazoezi, jasho hana.

"Madam, waambie wanikabe. Mimi hapa nafungia hewa."

Na mimi, mtaalamu, mlezi wa michezo, nikacheka. Nikamwambia, "Mama Eli, hiyo ni heshima tu. Wengine wanaitafuta hawaipati."

Alinitazama kidogo, akaondoka. Jibu lile linanichoma hadi leo. Mtu anakuja kukuomba nafasi, unampa sifa.

Mambo yakaharibika zaidi mwaka uliofuata, mkuu wa chuo aliporudi kutoka semina katika hoteli moja mjini. Alirudi na neno "makundi maalumu" na akataka bonanza la mwaka ule liwe jumuishi, na ujumuishi wenyewe uonekane. Nilimwelewa vizuri mno. Nikakodi turubai. Nikapanga viti vya plastiki, nikavivisha vitambaa vyeupe, nikaweka kreti mbili za soda. Nikashona na tepe za kuvaa begani, zimeandikwa MAALUMU. Chini ya turubai nikawakalisha akina mama wanne watu wazima, wasichana wawili wajawazito, na Lomayani, kijana mwenye mguu uliopooza tangu utotoni, ambaye alikuwa anawafunga chuo kizima kwenye drafti. Drafti haikuwa kwenye ratiba. Mtu aliyeitoa kwenye ratiba ili nafasi ya turubai ipatikane ni mimi.

Walipigwa picha nyingi. Katikati ya kuvuta kamba nikapita kuwasalimu.

"Mnaendeleaje jamani, mnafurahi?"

"Tunashirikishwa, Madam," akasema Lomayani, ameinua chupa. "Tunashirikishwa soda."

Wote wakacheka isipokuwa Mama Eli. Nikaangalia miguu yake chini ya kitambaa cheupe. Alikuwa amevaa zile raba, kamba zimefungwa mafundo mawili. Mtu hafungi mafundo mawili ili akae kwenye kiti. Alikuwa amesubiri tangu asubuhi aitwe, na nilichomwitia mwishowe ni kukabidhi kombe kwa timu ya Jeska. Alilikabidhi kwa mikono miwili. Jeska akapiga goti kulipokea.

Ripoti yangu ilisema makundi yote maalumu yameshirikishwa kikamilifu. Mkuu aliisoma mbele ya watu, nikapigiwa makofi.

Siku chache baadaye, imebaki wiki moja niwasilishe orodha ya mashindano, nilikuwa naanika vile vitambaa vya herufi kwenye kamba ya nguo. GS, GK, WD, vimepangana vinapepea. Mpishi mmoja wa bwalo alikuwa anapita, akaniuliza hizo nguo ni za nani. Nikamjibu bila kufikiri, "Si za mtu. Ni za nafasi." Nikabaki nimeshika kibanio cha nguo.

Jioni nikawaita wote uwanjani, nikawaonyesha mstari wa chokaa.

"Kuanzia leo, ukivuka huu mstari hakuna mama, hakuna dada, hakuna mtoto wa mchungaji. Kuna herufi. Herufi haina umri. Mwenye shikamoo yake aimalize huku nje. Jeska, yule pale ni nani?"

"Ni Mama…"

"Ni nani?"

"Ni GS."

"GS anafanywaje?"

"Anakabwa."

"Na mechi ikiisha?" akauliza mwingine, ana wasiwasi kweli.

"Ikiisha mtamwamkia mpaka mchoke."

Tukaanza. Mpira wa kwanza Mama Eli aliuinua kama kawaida yake, na Jeska, amefumba jicho moja, akanyoosha ule mkono wake na kuupangua. Mama Eli akageuka kumtazama, na nawaambia, sijawahi kuona mtu aliyepanguliwa mpira akatabasamu vile. Wa pili ukapanguliwa. Wa tatu akamzunguka Jeska kwa hatua ambayo sikumfundisha mimi, akafunga. Hapo Jeska akasahau shikamoo zote za maisha yake. Wakaanza kubanana kama wenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Jeska alikuwa anahema. Mama Eli alikuwa anatoka jasho, hatimaye.

Ndipo ukaja mpira mmoja wa juu. Wote wawili wakaruka, Jeska akaupiga kofi, ukamrudia Mama Eli puani. Damu ikatoka. Wasichana wakaganda. Jeska akaanguka magoti palepale kwenye vumbi, analia, "Nisamehe mama, nisamehe." Mama Eli akajifuta pua kwa pindo la kitambaa chake cha herufi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuwaambia watoto wafungue madaftari:

"Simama. Mpira ni wetu. Rusheni."

Jeska akasimama. Akajipangusa magoti. Akarudi kwenye nafasi yake na kuinua mikono yote miwili.

Na mimi nikapuliza kipenga.

Nilipuliza kwa nguvu, nikaingia uwanjani nakimbia. Nikaagiza kiti. Nikamvua ile herufi kwa mikono yangu, namwambia, "Pole mama, pole, pumzika, utacheza siku nyingine." Niliona damu, nikaona watoto wake wanne, nikaona mkuu wa chuo ananiuliza. Mchezaji sikumwona. Msichana mwingine akavaa GS, tukaendelea. Pua ilikuwa imekauka kabla ya dakika tano, na alikaa pale kivulini mpaka mwisho, ameshika magoti yake.

Kesho yake aliugua kidogo, nikaona afadhali. Orodha nikaipeleka bila jina lake. Siku nyingine haikuwepo, ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Alikuja ofisini kuchukua zile raba alizokuwa ameziacha stoo, akazifunga tena kwenye gazeti.

"Madam," akasema, "wale watoto walishaacha. Shikamoo ya mwisho umenipa wewe, kwa kipenga."

Nikamwambia "Safari njema, Mama Eli," utadhani anakwenda sokoni.

Baada ya hapo nilibadilika, au nilijaribu. Turubai sikulikodi tena. Mkuu aliuliza, nikamwambia limetoboka. Drafti ikarudi, na Lomayani akawa mwamuzi wa mchezo huo, mkali kuliko mimi. Kanuni ya mstari wa chokaa ilidumu mpaka nastaafu, na akina mama waliofuata walikabwa vizuri sana, wengine walikuja kunilalamikia, nikafurahi. Lakini aliyenifundisha kanuni hiyo hakuifaidi. Hilo huwezi kuliweka kwenye ripoti, Baraka, ndiyo maana sikuwahi kuliweka.

Sasa turudi kwenye rasimu yako. Ukurasa wa sita umeandika: "Makundi maalumu yatatengewa eneo maalumu lenye viti na viburudisho." Nilipofika hapo nilivua miwani. Kijana, hilo ni turubai langu. Umelipata wapi? Nani amekuambia kwamba aliyekuja na raba anatafuta kiti? Futa hiyo. Andika kwamba kila atakayekuja ataulizwa anataka kucheza nini, na aliyeshapewa nafasi hatatolewa kwa kuhurumiwa. Andika upepo wa mpira. Andika Jumatano. Kisha toka ofisini ukafungue stoo.

Nikuambie na jambo la mwezi uliopita, halafu nikuache. Mama Eli siku hizi ni mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Momela. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Akanitumia ujumbe mfupi kwenye simu: "Jumatano tuna mechi ya walimu na wazazi. Njoo na raba." Sikulala vizuri. Nikaenda, nimezivaa, goti la kushoto nimelifunga bandeji.

Nilidhani atanipa kipenga. Alinipa herufi. GK. Yeye alikuwa amevaa GS, nywele zimeanza mvi.

"Leo sikuamkii," akasema.

Nilimkaba kadiri ya uwezo wangu, na uwezo wangu ni mdogo. Alinifunga moja, mbili, tatu, hakuniachia hata moja. Wa nne nikaruka, goti likakataa, nikaanguka chali kwenye lile vumbi jeusi la huko. Mlima wote ulikuwa juu yangu na mawingu yake. Nikasikia miguu inakimbia, wanafunzi na wazazi, "Pole bibi, jamani pole," na mmoja ameshabeba kiti cha plastiki juu ya kichwa, anakuja nacho. Nakiri nilitamani kiti kile kitue chini, nikae.

Mama Eli akasimama kati yangu na kiti.

"Rudisha," akamwambia yule mwanafunzi. "Huoni ana herufi?"

Akanipa mkono, akanivuta nikasimama. Akanipangusa vumbi mgongoni mara mbili, kwa nguvu. Kisha akarudi hatua moja, akaomba mpira, akasubiri mpaka nilipoinua mikono yote miwili, ndipo akafunga.